Mke wa Mjukuu

Saa mbili asubuhi, Jumamosi iliyotangulia siku ya kufagia makaburi, fundi Tang alivuta turubai na jiwe likaonekana. Lilikuwa limelazwa chali juu ya magogo mawili, jeusi, limeng'arishwa uso mmoja, na unga wa mawe ulikuwa bado umejaa ndani ya herufi. Tang alichota maji kwa kopo akalimwagia. Herufi zikajitokeza.

Qiu Bingwen alivaa miwani. Alikuwa amefundisha fizikia sekondari tangu ujana wake, akastaafu bila kustaafu tabia ya kukagua. Hakuanza na maneno. Alianza na rula ya chuma aliyokuja nayo mfukoni: akapima pambizo ya kushoto, akapima ya kulia, akachutama na kutazama unyoofu wa safu kwa jicho moja. Mkewe, Lan Shuzhen, alisimama nyuma yake, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili. Yeye hakuwa na haja ya kulitazama jiwe. Alijua ni kitu gani hapo ambacho mumewe hakukitarajia, kwa sababu yeye ndiye aliyekiagiza.

Jiwe lilikuwa la mama mzazi wa Bingwen, ambaye alikuwa akitimiza mwaka wa tatu kaburini. Katikati lilichongwa jina lake. Pembeni, kwa safu nyembamba zinazoshuka, yalichongwa majina ya aliowaacha, kila jina na cheo chake juu yake: mwana, Qiu Bingwen, mke wa mwana, Lan Shuzhen, mjukuu, Qiu Yuan. Hapo ndipo majina yalipotakiwa kukoma. Hayakukoma. Kulikuwa na safu moja zaidi.

"Huyu nani?" Bingwen aliuliza, rula imetua juu ya ile safu.

Tang ndiye aliyejibu.

"Si mke wa Yuan huyo, Mwalimu? Mama Yuan alinisomea majina kwenye simu. Hili la mwisho akaniambia nilipange baada ya mjukuu. Nikamuuliza ni nani kwenu, akasema ni wa Yuan. Basi nikampa cheo chake. Jina haliwezi kukaa kwenye jiwe bila cheo, litakuwa kama mgeni asiyepewa kiti."

Safu ilisomeka: mke wa mjukuu, Hou Jianing.

Hou Jianing alikuwa fundi wa lifti, mwanamume wa miaka thelathini na sita mwenye mabega mapana na sauti ya chini. Alikuwa akiishi na Yuan katika nyumba moja ya kupanga jirani na stesheni ya reli, mjini Weifang, miaka mingi sasa. Watu wanne hadi watano walijua maana ya jambo hilo. Mmoja wao ndiye marehemu aliyechongewa jiwe hili.

Shuzhen alisubiri. Majibu alikuwa ameshayapanga toka jana: kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyesema kijana aandikwe, kwamba katika ugonjwa ule wa mwisho, mgongo wa Bingwen ulipogoma na mkono wake yeye Shuzhen ulipovimba, Jianing ndiye aliyekuwa akija kila akitoka kazini kumgeuza bibi kitandani, kumwosha nywele na kumkata kucha, kwamba jina ni jina tu. Aliyapanga yote kwa ajili ya mume aliyekasirika.

Bingwen alisoma ile safu mara mbili. Jianing ni jina ambalo hata mwanamke hulibeba. Rula ikarudi mfukoni.

"Iache hivyohivyo," alisema. "Safu zimenyooka."

Tang alifurahi. "Rangi nimewaachieni, kama desturi. Mtapaka wenyewe kule mlimani. Nyeupe kwa marehemu, nyekundu kwa mnaopumua. Msichanganye, jamani. Mwaka juzi kuna mzee alipakwa nyeupe yuko hai, akamkimbiza mkwewe na koleo."

Hakuna aliyecheka, ikabidi acheke mwenyewe.

.

"Umesoma vizuri?" Shuzhen aliuliza walipokuwa garini.

"Nimesoma."

"Na kosa hukuliona?"

"Nimeona ufumbuzi." Bingwen aliwasha taa ya kukunja kona ingawa barabara ilikuwa tupu. "Kila mwaka Kaka Bingkun wa kijijini ananiuliza mbele ya watu Yuan ataoa lini. Kila mwaka. Sasa jiwe litamjibu. Watasoma, wataridhika, watanyamaza. Hakuna mtu wa kijijini atakayepanda treni kuja mjini kuhakiki."

"Mzee Qiu, unamkumbuka mtoto wa Peng?"

"Yupi?"

"Unamjua. Wa pendulamu."

Mtoto wa Peng alikuwa mwanafunzi aliyeletewa saa ya kupimia, akapima mwendo wa pendulamu, akapata namba mbovu, akaifuta na kuandika namba iliyomo kitabuni. Bingwen alimfelisha. Alimwita baba yake shuleni, akamwambia mbele ya walimu kwamba kosa la mkono linasameheka, lakini kuandika kitu ambacho hukukiona hakusameheki. Kisa hicho alikuwa akikirudia kila mwaka nyumbani, kama watu wengine wanavyorudia kisa cha harusi yao.

"Ile ilikuwa maabara," alisema hatimaye.

"Na hili?"

"Hili ni jiwe."

Shuzhen aligeukia dirishani. Alikuwa ameolewa na mwanamume huyu zaidi ya nusu ya umri wake, na alimjua kuwa ni mwadilifu kwa kila mtu isipokuwa pale uadilifu ulipohitaji kupita mlangoni kwake.

Katika nyumba ya akina Qiu hapakuwa na mungu. Marehemu alipohamia mjini alikuja na picha ya mungu wa jikoni, akaibandika juu ya jiko la gesi. Bingwen aliibandua wiki hiyohiyo, taratibu, kwa kisu cha kupakia siagi ili asichune ukuta, akamweleza mama yake kwamba mvuke hauna haja ya msimamizi. Mama Geng wa ghorofa ya chini, ambaye huenda kanisani, aliwahi kupata fununu za Yuan, akapanda ngazi kuja kusema kwamba ile ni dhambi ila msamaha upo. Bingwen alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni. Alipoondoka, alicheka mpaka akakohoa. "Dhambi!" alisema. "Karne hii! Watu wajinga." Kisha akakaa mezani, na kabla ya chai kupoa alikuwa ameshamweleza mkewe kwamba jambo lile linapingana na maumbile, kwamba linadhoofisha jamii, kwamba kijana akifanya mazoezi na kupata rafiki wa kike mwenye subira litaisha. Ulikuwa wimbo wa Mama Geng, umebadilishwa ala. Tofauti ni kwamba Mama Geng alijua kautoa wapi.

.

Yuan na Jianing walikuja kula mchana Jumapili, kupanga namna ya kulipeleka jiwe mlimani. Bingwen aliwapokea kama kawaida yake.

"Eeh, fundi, afadhali umekuja. Feni ya jikoni inalia."

Kila alipokuja Jianing, kulikuwa na kitu kinacholia, kinachovuja au kinacholegea. Kwa namna hiyo kuwepo kwake kulipata sababu: jirani akigonga, anakuta fundi. Shuzhen aliwahi kushuku kwamba mumewe huilegeza skrubu mwenyewe usiku wa kuamkia wageni, na siku moja alimfuma na bisibisi.

"Nitaiangalia, Mwalimu," Jianing alisema, akavua koti. Feni iliacha kulia kabla wali haujaiva. Alinawa, akakaa kwenye kigoda cha pembeni, kile ambacho hakuna aliyewahi kumwambia akikalie na hakuna aliyewahi kumwambia akiache.

Shuzhen alingoja mpaka kila mtu aweke kitu mdomoni. Kisha akawapa simu yenye picha ya jiwe. Alitaka liishe.

Yuan, ambaye alikuwa akipima maji katika idara ya maji ya mji na alikuwa na macho ya baba yake, aliisoma, akacheka kidogo, akaacha kucheka.

"Nani kaandika hivi?"

"Fundi," alisema Bingwen.

"Mimi," alisema Shuzhen. "Tang aliniuliza huyu ni nani kwenu. Nikasema ni wa Yuan. Akasema sawasawa. Sikuongeza neno. Mengine kajaza mwenyewe."

"Na uliponyamaza, Mama, ulitegemea ajaze nini?"

Shuzhen alichukua kipande cha tofu, akakirudisha. Ukweli ni kwamba siku ile alipokata simu alihisi nafuu, na alijua nafuu hiyo imetoka wapi. Marehemu angeandikwa alivyotaka, mumewe asingepasua kitu, na neno "mwanamume" lisingemtoka yeye mdomoni. Aliona ameua ndege watatu kwa jiwe moja.

"Msimlaumu mama yenu," Bingwen alisema. "Imetokea vizuri. Jina lake lipo. Si ndicho mlichotaka? Lipo."

"Lipo limevaa gauni," alisema Yuan.

"Usianze."

"Sijaanza. Nauliza. Wewe ni mtu wa vipimo, Baba. Pale pameandikwa mke. Mke yuko wapi?"

Bingwen aliweka vijiti chini, vikalala sambamba. "Sikiliza. Mimi sina chuki na mtu. Sijawahi kutamka neno dhambi, hayo waulize wa ghorofa ya chini. Mimi naongelea maumbile. Kila kiumbe hai kinaelekea kuzaa. Ni jambo la kawaida la baiolojia, halina hasira ndani yake."

"Wewe ulizaa mmoja ukakatazwa wa pili na watu wa kiwanda cha Mama, wakaja na makaratasi yao mpaka sebuleni. Siku ile maumbile yalikuwa likizo?"

"Ile ilikuwa sera ya mtoto mmoja."

"Kumbe maumbile yanapisha sera. Ila mimi hayanipishi."

"Yuan," alisema Shuzhen.

"Hapana, Mama, ngoja nielewe. Baba mungu hana. Mizimu hana. Dhambi kaiachia ghorofa ya chini. Bibi alipokata roho, yeye alituambia amebaki fosfati tu, madini ya mifupa. Sasa kinachomkataza ni nini? Mwenzake wa kanisani angalau ana kitabu, naweza kukisoma nikabishana nacho. Wewe nibishane na nini, Baba?"

Bingwen alikuwa mtu wa kutafuta jibu la kweli akiulizwa swali la kweli, na hilo ndilo lililokuwa likimwudhi Shuzhen zaidi ya ukaidi wake: kwamba ndani ya ukaidi mlikuwa na mtu mwaminifu anayejiburuza.

"Hakuna kinachonikataza," alisema. "Naona aibu. Ndiyo hiyo."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu. Mbele ya Kaka Bingkun. Ukoo mzima."

"Basi mungu unaye," alisema Yuan. "Anaitwa Bingkun na anafuga mbuzi."

Jianing alicheka. Alikuwa peke yake. Akaziba mdomo kwa kiganja. Shuzhen naye alikaribia kucheka, akainuka kwenda kutazama supu ambayo haikuhitaji kutazamwa.

"Samahani, Mwalimu," Jianing alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshafungua mdomo, akaendelea. "Naomba niseme moja. Bibi alipolazwa, uliwaambia wodini mimi ni mhudumu wa kulipwa. Sikusema kitu. Wale wa kitanda cha dirishani wakaniuliza bei yangu kwa siku, nikawatajia, wakasema ghali. Bibi alicheka mpaka mpira wa oksijeni ukachomoka. Ilikuwa sawa, maneno hupita. Hili limechongwa."

"Tulikuwa na haraka siku ile," alisema Bingwen. "Walikuwa wanauliza uliza."

"Najua. Silalamiki. Bibi aliniambia, 'Nitawaambia wakuandike.' Nikamwambia, Bibi, acha, utaleta vita. Akasema, 'Mimi sijui kusoma, vita itanipata wapi.' Lakini hakusema niandikwe mwanamke. Kama nafasi yangu haipo, lisagwe jina lote. Sitagombana na jiwe. Ila mimi si mke wa mtu, Mwalimu. Nikifa nikiwa na bahati ya kusomwa, nisisomwe mtu mwingine."

Feni ilizunguka bila sauti. Bingwen aliitazama.

"Likisagwa litabaki bonde," alisema. "Watu watauliza palikuwa na nini."

"Na waulize!" Yuan alisukuma bakuli. "Baba, nisikilize vizuri, nisije nikaambiwa sikusema. Siku ya makaburi tutakuja kubeba jiwe, kwa sababu ya Bibi. Mtu akiuliza huyu Jianing ni nani, halafu wewe ukatunga mke, Jianing akiwa amesimama pale na udongo mikononi, basi hiyo ndiyo siku ya mwisho ya mimi kuja kwenu. Sitapiga simu, sitaleta vitunguu. Utabaki na mkamwana wako wa mawe."

"Unanitisha?"

"Nakujulisha."

Hakuna aliyemaliza supu. Walipoondoka Shuzhen alimpigia Tang kumwuliza kama cheo kimoja kinaweza kusagwa. Tang alilia kama mtu aliyeombwa figo. Kusaga cheo hicho cha herufi tatu za Kichina maana yake ni kung'arisha uso wote upya, na wiki hii, Mama Yuan, wiki hii ya makaburi, wateja wamejipanga mpaka barabarani, akitanguliza jiwe lao atapigwa. Labda mwezi ujao.

"Hawezi," Shuzhen alimwambia mumewe.

"Nilijua."

"Unafurahi."

"Sifurahi. Nilijua tu."

"Mzee Qiu, mimi nimekuchoka," alisema Shuzhen, kwa sauti ileile ambayo angesema chumvi imekwisha, akaenda kuosha vyombo. Aliviosha kwa nguvu. Aliyemchosha si mumewe peke yake. Alikuwa amejichoka yeye mwenyewe, aliyeshika simu na kusema "ni wa Yuan" na kuliita hilo ujasiri.

.

Siku ya makaburi ilipambazuka na upepo. Yuan, Jianing na wanaume wawili wa kijiji walilifunga jiwe kwa kamba, wakapitisha miti, wakalipandisha kilimani kupitia shamba la ngano, huku Bingwen akitembea kando akisema "kushoto, kushoto, punguza". Kaka Bingkun, binamu yake na mkubwa wa ukoo, alikuwa ameshafika juu na mbuzi wake wawili, ambao hakuwaamini kuwaacha peke yao. Alileta bunda la pesa za karatasi za kuwachomea wafu.

"Mwalimu, mwaka huu utachoma, au mama yako ataendelea kukopa huko aliko?"

"Huko hakuna soko, Kaka."

"Ulifika ukaona?"

"Choma wewe. Mimi nitachunga moto usishike ngano."

Ndivyo walivyopatana kila mwaka: mmoja alichoma, mwingine alisimama na tawi bichi akichunga moto, na kila mmoja alidhani amemshinda mwenzake.

Jianing alichanganya saruji, akaimimina kwenye shimo, akaliegemeza jiwe kwa bega mpaka Bingwen aliporidhika na pimamaji yake. Bingkun alimtazama kijana kwa kupendezwa.

"Huyu rafiki wa Yuan ni wa maana. Kijana, umeoa?"

"Bado, Baba Mkubwa."

"Nina binti wa dada yangu, anapika mikate myembamba unasomea gazeti upande wa pili. Usiwe kama huyu Yuan wetu, amekaa mpaka ameota kutu."

Watu wakacheka. Yuan alikuwa akikunja kamba, hakuinua kichwa.

Katika ukoo huo, jiwe likishasimama, mwana wa marehemu humsomea mama yake majina, ili ajue nani amefika mlangoni. Bingwen hakuamini kwamba kuna anayesikia. Alisoma hata hivyo, kwa sauti ya darasani, maana asiposoma yeye Bingkun angemtafuta mwingine. Alisoma jina la mama. Alisoma lake, akasoma la mkewe. Akasoma mjukuu, Qiu Yuan. Alifika safu ya mwisho akakohoa.

"Mke wa mjukuu," alisoma, "Hou Jianing."

"Eeeh!" Wanawake wa kijiji walilipuka. "Yuan kaoa! Kimyakimya! Mwalimu, umetunyima hata peremende za harusi!"

"Mwizi wewe, Yuan!" Bingkun alimpiga kijana mgongoni. "Na mimi hapa natukana kutu! Yuko wapi bibi harusi? Mbona hakuja kumsalimia bibi yake?"

Shuzhen alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe na kopo la rangi nyekundu. Hakugeuka. Alisikia upepo ukipeperusha majivu ya karatasi, akasikia mumewe akivuta pumzi.

"Yuko kazini," alisema Bingwen.

Jianing alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale na ndoo ya saruji. Aliitazama ndoo kama aliyekumbuka kwamba saruji ikikauka humo itaharibu chombo cha watu. Akainama, akaishika mpini. "Naenda kuisuuza mtoni," alisema, bila kumwambia mtu maalumu, akaanza kushuka.

Yuan alimaliza kukunja kamba. Aliiweka miguuni mwa baba yake, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Alimgusa mama yake begani. Kisha naye akashuka.

"Vipi hawa?" Bingkun aliuliza. "Chakula hakijaliwa."

Shuzhen alichovya brashi. Alipaka cheo na jina la mumewe, akapaka lake, akapaka la mwanawe, herufi moja moja, akifuta kwa kitambaa rangi iliyovuka ukingo. Alifika safu ya mwisho. Aliacha cheo kikiwa cheusi, akashuka, akapaka Hou, akapaka Jia, akapaka Ning, nyekundu, rangi ya walio hai.

"Shemeji," alisema Bingkun, aliyekuwa amesogea kuangalia, "umeruka."

"Sijaruka."

"Zile za juu pale. Zote nyekundu, zile hazina rangi."

"Zile si zake."

"Za nani?"

"Za Tang. Kaziandika bila kuuliza, na mimi sikumwambia. Atakuja kuzisaga mwezi ujao."

Bingkun alimtazama mwanamke, akalitazama jiwe, akawageukia waliokuwa wakimenya mayai nyuma yake, nao walikuwa wameacha kumenya. Hakuwa mpumbavu, alikuwa mtu aliyezoea kuelezwa mambo kwa mpangilio.

"Mwalimu. Mbona simwelewi mkeo? Huyu Jianing ni nani hasa? Yuko wapi?"

Bingwen alikuwa bado ameshika tawi bichi, ingawa moto ulikuwa umezimika. Shuzhen aliinuka, magoti yakalia. Alisimama karibu na mumewe kiasi cha kusikika na yeye peke yake.

"Mtoto wa Peng," alimwambia.

Bingwen alivua miwani. Aliifuta kwa ncha ya shati, jicho moja kisha la pili, akaivaa tena. Alitazama chini bondeni, kwenye njia ya katikati ya ngano, ambako watu wawili walikuwa wakielekea mtoni, mmoja mikono mitupu.

"Yule pale," alisema. "Mwenye ndoo."

Bingkun aligeuka akatazama.